Ruta ya Pipeline na Ukuta wa Mueni

Vijana wa zamu waliniomba niandike machache kuhusu miaka yangu kazini kabla sijasahau. Niliwaambia sijasahau, nimechoka tu, na hayo ni mambo mawili tofauti. Hata hivyo nimeketi kuandika. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Waliopandishwa vyeo wanazikumbuka vizuri kuliko mimi, na mishahara yenyewe haikuwahi kukaa nami muda wa kutosha nikaizoea.

Naitwa Zuhura. Nimezaliwa Kaloleni ya Nairobi, katika nyumba za halmashauri, baba yangu akiwa fundi wa reli na mama yangu mtu wa Mombasa ambaye hakukubali lugha nyingine yoyote mezani pake. Kazi nilianzia kwenye simu za waya. Nilikuwa nateremka kwenye mashimo ya barabarani na kuunganisha nyaya zilizotafunwa na panya. Simu za waya zilipoanza kufa, nikahamia kampuni ya intaneti, ndogo wakati huo, yenye ofisi juu ya duka la matairi kule Industrial Area. Siku ya kwanza niliulizwa kama naijua ruta. Nikajibu kwamba naijua vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeiona nyumbani kwa shemeji yangu: kile kidude cha plastiki chenye masikio mawili kinachowekwa juu ya televisheni.

Ruta waliyonionyesha ilikuwa na kimo cha friji. Ililetwa na wanaume wanne, na walipoitua hawakuwa wanasemezana tena. Ilijaa kadi zilizopangwa wima kama vitabu, na kwenye kila kadi kulikuwa na matundu ya kuchomekea faiba, zile nyuzi nyembamba za kioo zinazobeba mwanga. Nyuma ilikuwa na feni zilizovuma hivi kwamba mtu alilazimika kupaza sauti hata akitaka kusema hana la kusema.

Tofauti nilielezwa hivi: ruta ya shemeji inapitisha mambo ya familia moja, na hii inapitisha mambo ya mitaa mizima. Mtoto anayetazama katuni, mchungaji anayehubiri kwa simu, kijana anayetuma maombi ya kazi, na bwana anayemwandikia mke asiye wake, wote wanapita humo kwa wakati mmoja. Ruta haimbagui yeyote. Inasoma anwani, inasukuma mbele, inasahau. Nimefanya kazi na watu wasio na hata moja ya sifa hizo.

Aliyenielezea hayo ni Mzee Oduor, fundi mkuu, mtu mwembamba aliyevaa koti moja la bluu miaka yote niliyomjua. Asubuhi ya kwanza aliniwekea kigoda mbele ya ruta.

"Keti hapa."

"Nifanye nini?"

"Skiza."

Niliketi hadi saa ya chakula nikisikiliza feni. Hakuna kilichobadilika. Aliporudi aliniuliza, "Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu, Mzee. Ni mvumo ule ule."

"Sawa. Hiyo ndiyo sauti yake ikiwa mzima. Siku ikiwa mgonjwa utajua." Kisha tukaenda kula. Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yangu ya kuingia kazini. Baadaye kampuni ilileta mafunzo ya wiki mbili yenye video, na siyakumbuki hata kidogo.

Mfuko wa Oduor ulikuwa na tochi, bisibisi mbili, mkanda wa kuandikia majina ya waya, na kalamu fulani isiyoandika. Kalamu ile ilikuwa ya kusafishia ncha za faiba. Chembe ya vumbi usiyoweza kuiona kwa macho inatosha kuziba mwanga, na Nairobi hatuna uhaba wa vumbi. Ukimpigia simu kusema laini imekufa, alikuuliza swali moja tu: "Umesafisha?" Kama hukusafisha, alikata simu. Kuna siku kadi moja ilizima nikasafisha kila ncha iliyokuwa chumbani, nikarudia, nikatokwa jasho. Alipokuja aliitazama kadi, akaisukuma kwa kidole gumba, ikalia "tik," ikawaka. Ni yeye aliyekuwa ameichomeka siku iliyotangulia.

"Twende tunywe chai," akasema.

Sikulitaja jambo hilo tena kwa sababu alininunulia na mandazi.

Sasa nije Pipeline, mtaa wa ghorofa kule Embakasi. Waliotoka mbali na kuajiriwa juzi huniuliza kwa nini tuliweka ruta kubwa mahali pale. Jibu ni kwamba wateja walikuwa pale. Ghorofa zimesimama bega kwa bega, hivi kwamba mtu wa dirisha hili anaweza kumpa jirani wa ghorofa ya pili chumvi bila kutoka nje, na kila mlango una simu tatu. Tulikodi chumba kimoja cha chini, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kupandisha mzigo ule ngazini. Chumba kilikuwa chembamba, na kabati la chuma lenye ruta halikuenea ila kwa kuligeuza mgongo uelekee ukuta wa jirani. Oduor alipinga. Alisema hewa ya moto inayotoka nyuma itakosa pa kwenda. Aliyekuwa mkubwa wetu akasema litatafutiwa dawa baadaye. Dawa iliyopatikana ni tundu la mraba lililotobolewa juu ya mlango, na feni ya kusukuma joto nje kwenye ujia. Mashine ya kupoza hewa tulikuwa nayo pia. Ilifanya kazi vizuri siku za ukaguzi.

Ruta ile ilikaa vyema karibu mwaka mzima, kisha ikaanza ugonjwa wa Jumamosi. Kila Jumamosi joto lilipanda, kengele zikalia ofisini, na ikifika mchana ruta ilijizima yenyewe ili isiungue. Embakasi nzima inakosa intaneti siku ambayo watu wako nyumbani na wana nafasi ya kupiga simu kulalamika. Tulibadilisha feni. Tukabadilisha kadi. Tukaandikiana barua pepe na watengenezaji, wakatuuliza kama Jumamosi kuna kitu cha pekee katika mtandao wetu. Tukajibu kwamba kuna mpira.

Mwishowe nilikwenda mwenyewe Jumamosi, nikakuta tundu letu limefunikwa kwa blanketi lililolowa maji. Kando yake, kwenye kamba iliyofungwa kutoka mlango hadi mlango, zilining'inia suruali, shuka na soksi zisizohesabika, zote zikipepea kwa hewa yetu. Mwanamke wa miaka ishirini na kitu alikuwa akikamua shati kwenye beseni.

"Hili blanketi ni la nani?" nikamuuliza.

"Ni yangu, mathe. Kwani imekukosea?"

"Limezima intaneti ya Embakasi yote."

Akalitazama blanketi, akanitazama mimi. "Hii?"

"Hilo hilo."

"Na hata si ya kitanda kubwa," akasema.

Huyo ndiye Mueni. Alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akiishi na mumewe aliyefanya vibarua viwandani na kwenda kwa miguu kabla hakujapambazuka vizuri. Yeye aliwafulia nguo watu wa ghorofa za juu. Shida ya kufua Pipeline si maji tu, ni jua. Jua linafika ghorofa ya sita na kukomea hapo. Huku chini nguo hukaa siku tatu na kuanza kunuka kama kitambaa cha kufutia meza. Mueni alikuwa amegundua kwamba hewa iliyotoka kwenye tundu letu inakausha shuka kwa muda wa kupika maharagwe.

Kulikuwa na maoni ofisini kwamba msimamizi wa jengo aambiwe amfukuze. Oduor hakuyachangia. Alikwenda na drili, akapiga vyuma viwili ukutani hatua moja kutoka kwenye tundu, akafunga waya mnene, akamwambia Mueni, "Hapa anika. Hapa, hapana. Na blanketi upeleke juu kwa paa kama watu wengine."

"Kwa paa wanaiba, mzee."

"Basi blanketi kaa nayo nje uilinde. Lakini si hapa."

Ugonjwa wa Jumamosi ukaisha. Katika ripoti tuliandika kwamba mtiririko wa hewa umeboreshwa. Tangu hapo nilipokwenda kukagua chumba, Mueni alinipa kiti na chai ya rangi, akanieleza nani amehama, nani amejifungua na nani alitaka kuanika pazia kwenye tundu akamkataza. Kazi yetu ni ya kukaa na mashine, na wengi wenu hamjui majina ya majirani wa vyumba vyetu. Nawashauri myajue. Jirani hukusaidia kuliko kamera, na jirani anakupa chai.

Mueni alipopata mimba nilijua mapema, maana chai ya rangi ilimshinda harufu akaanza kunipa uji. Alitarajia kujifungua mwezi wa tisa. Akajifungua wa saba, wakati wa ile baridi ya ukungu ambayo huku Eastlands inaingia hadi ndani ya godoro. Mtoto alikaa hospitalini katika sanduku la joto. Halafu wodi ikajaa, wakamruhusu atoke akiwa hajanenepa. Mama alielezwa amweke kifuani ngozi kwa ngozi, asimwache apate baridi, na amlete kupimwa uzito kila wiki.

Nilimkuta siku ya pili. Mlango ulikuwa umefungwa kwa khanga ili upepo usipenye. Alikuwa ameketi sakafuni juu ya godoro, mgongo umeegemea ukuta wetu, na ndani ya blauzi yake kikichungulia kichwa kisichozidi chungwa.

"Anaitwa Kyalo," akaniambia.

"Mashallah. Mbona umeketi chini?"

"Weka mkono hapa."

Niliweka kiganja ukutani. Ulikuwa na joto kama mgongo wa mtu. Lile kosa la kuligeuza kabati, alilolipinga Oduor na ambalo hakuna aliyelitafutia dawa ya kweli, lilikuwa limeupasha ukuta ule joto mfululizo, usiku na mchana.

"Nikikaa hapa anachangamka," Mueni akasema. "Nikienda kitandani, miguu inakuwa baridi. Jiko la makaa nimekatazwa, ati linaua na moshi. Hii yenu haina moshi."

Mtauliza kwa nini hatukumletea hita. Nilimletea. Ile ya ofisini, iliyokuwa chini ya meza ya mhasibu. Tuliiwasha, soketi ikayeyuka, ghorofa nne zikazima, na msimamizi wa jengo akaja na tochi kuuliza ni nani. Mueni akaniambia niondoe hicho kitu. "Ukuta haujawahi kunichoma," akasema.

Shida ni kwamba ruta ile ilikuwa inaondoka. Kampuni ilikuwa imemaliza kujenga kituo kipya karibu na Mukuru kwa Njenga, chenye laini mbili za umeme na mashine za kupoza hewa zinazofanya kazi hata wakaguzi wakiwa hawapo. Ruta mpya ilikuwa imeshafungwa huko, na wateja wa Pipeline walikuwa wanahamishiwa mwisho wa wiki ile. Ile ya zamani ilikuwa ya kuzimwa na kubebwa siku hiyo hiyo.

Mkubwa wangu wakati huo alikuwa Kariuki, kijana nadhifu aliyeandika kila kitu kwenye kompyuta na kuniita Madam. Nilimwendea mezani.

"Nataka ruta ya zamani isizimwe."

"Kuna shida na ile mpya?"

"Hapana. Mpya ni nzuri."

"Sasa ni nini, Madam?"

"Kuna mtoto upande wa pili wa ukuta."

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, vidole vikiwa juu ya vitufe. "Wateja siwezi kuwangojesha," akasema. "Jioni laini inajaa, wanalalamika."

"Wahamishe wote. Ruta ibaki imewashwa tu."

"Ikifanya nini?"

"Ikipata joto."

Akafikiria. "Lazima nijaze sababu."

"Jaza mtoto."

Aliandika neno hilo moja, akalitazama, akabonyeza. Niliona ameandika kwa herufi kubwa mwanzoni, kama jina la mteja.

Basi wateja wakahama, na hakuna aliyegundua, ambayo ndiyo sifa ya juu kabisa katika kazi yetu. Ruta ya Pipeline ikabaki tupu. Taa zake ziliwaka kijani, feni zikavuma, na hakuna mtu aliyepita ndani yake, si mchungaji wala mwenye katuni. Mashine hizi hula umeme karibu ule ule ziwe na kazi au zisiwe nayo. Wapo wakubwa wa namna hiyo pia. Kwa mara ya kwanza tangu inunuliwe, ilikuwa inafanya jambo moja tu, na ilikuwa inalifanya vizuri.

Wiki ya kwanza Kyalo aliongeza uzito kidogo. Wiki ya pili transfoma ya mtaa ikapasuka.

Ilikuwa asubuhi. Pipeline yote ikazima, na habari zilizotoka kwa mafundi wa umeme ni kwamba kifaa kingine kinasubiriwa. Hawakusema kinasubiriwa kutoka wapi. Betri zetu zingeibeba ruta hadi alasiri. Baada ya hapo palikuwa na jenereta, lakini sheria yetu ilikuwa wazi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimewafundisha wengi wenu sheria hiyo: dizeli ni ya vyumba vyenye wateja. Siku hiyo vyumba vyenye wateja vilikuwa vingi, na jenereta za kuhamahama zilikuwa chache.

Nilimpigia Kariuki nikiwa nimesimama kwenye ujia.

"Madam, hiyo ruta haina mteja hata mmoja," akasema.

"Inaye mmoja."

"Nani?"

"Hatumii intaneti."

Nikamsikia akifunga kompyuta. "Nakuja," akasema.

Nikaingia ndani kwa Mueni kumngojea. Giza lilikuwa limejaa humo ingawa ulikuwa mchana. Mumewe hakuwa amekwenda kibaruani. Alikuwa amepiga magoti akizisugua nyayo za mtoto kwa vidole viwili, maana havikuenea vitatu. Mueni hakuniuliza umeme utarudi lini. Aliniuliza, "Hiyo yenu itazima?"

Sikutaka kumdanganya. Nilimwambia betri zipo kwa sasa na mkubwa wangu yuko njiani. Nikaketi upande wa pili wa godoro, kiganja changu ukutani, kama mtu anayempima homa mgonjwa na kuomba homa isishuke. Miaka yote ile niliogopa joto la mashine. Leo nilikuwa naogopa litakwisha. Nilisoma dua zote nilizozijua, nikaanza upya.

Kariuki alifika, viatu vyake vizuri vikiwa na tope. Akasimama mlangoni, akasema, "Habari yenu."

"Nzuri," Mueni akajibu, jinsi sisi sote tunavyojibu hata nyumba ikiungua.

Akauweka mkono ukutani. Kisha akainama na kumtazama Kyalo, aliyekuwa amelala mdomo wazi. "Ni mdogo," akasema.

"Alikuwa mdogo zaidi," baba mtoto akamjibu.

Kariuki akatoka bila kuaga. Nilidhani amekwenda. Nikamsikia nje akizungumza kwa simu, akitaja ofisi yetu wenyewe, ile ya juu ya duka la matairi. Alikuwa anaagiza jenereta ya ofisi ing'olewe iletwe Pipeline, na wafanyakazi wote warudi nyumbani kwa sababu hakutakuwa na umeme. Walirudi nyumbani kwa furaha kubwa. Mpaka leo baadhi yao hawajui kwa nini, na ni ninyi mnaosoma sasa.

Jenereta ililetwa na Oduor juu ya mkokoteni, akitembea nyuma yake kama anasindikiza maiti. Aliiweka barabarani, mbali na madirisha ili moshi usiingie, akaifunga kwa mnyororo kwenye nguzo. Ikanguruma. Feni hazikuwa zimeyumba hata kidogo. Ukuta haukuwa umepata nafasi ya kupoa.

Umeme haukurudi siku hiyo wala iliyofuata. Mchana Oduor alikaa na jenereta, na mume wa Mueni akaichukua jioni. Watu walianza kuja na simu zao kuomba chaji, na Oduor akawakubalia kwa sharti kwamba mwenye simu akae hapo hapo na kuilinda jenereta mpaka simu ijae. Kufikia siku ya pili tulikuwa na walinzi wengi kuliko benki.

Siku ya tatu, jua likiwa limechomoza kidogo, jenereta ikakohoa mara mbili na kuzima. Nilikuwa ndani kwa Mueni nikasikia ule mngurumo ukikatika. Betri zilikuwa hazijajaa tena tangu siku ya kwanza. Nikatoka mbio, na mimi si mtu wa mbio. Oduor alikuwa ameifungua tayari, ametoa kichujio cha mafuta, anakigeuza mkononi. Kilikuwa cheusi kabisa.

"Umesafisha?" nikamuuliza.

Alikisafisha kwa petroli na ncha ya koti lake la bluu, akakirudisha, akavuta kamba. Haikuwaka. Akavuta tena. Wenye simu wakasimama. Mwanamume mmoja muuza soseji za mutura, ambaye simu yake ilikuwa imefika nusu, akasema, "Mzee, wacha mimi," akakanyaga kwa mguu mmoja na kuvuta kana kwamba jenereta imemtukana mamake. Ikawaka. Watu walipiga makofi. Nadhani wengi walishangilia kwa ajili ya chaji, na hilo halikunisumbua hata kidogo. Nilirudi ndani nikauweka mkono ukutani, na mkono ukabaki hapo mpaka Mueni akaniambia, "Mathe, pumzika. Anapumua."

Umeme ulirudi siku iliyofuata bila maelezo, jinsi ulivyoondoka. Kariuki alirudisha jenereta ofisini na wafanyakazi wakarudi nyuma yake, wakiwa na huzuni. Mtu wa hesabu aliuliza dizeli ile yote ilikwenda wapi. Kariuki akamwambia ilikwenda kwa mteja. Aliulizwa mteja gani, akamwonyesha lile neno kwenye kompyuta. Sikusikia kwamba liliulizwa tena.

Kyalo aliongeza uzito wiki ile, na iliyofuata akaongeza zaidi. Baridi ikaanza kulegea. Mwezi wa tisa, karibu na siku aliyopaswa kuzaliwa, daktari wa kliniki alimtazama, akamgeuza, akamwambia Mueni kwamba huyu sasa ni mtoto kama watoto wengine, alale popote. Mueni alinipigia simu kutoka foleni ya dawa. "Mathe," akasema, "mnaweza kuichukua."

Tulikwenda mimi, Oduor, Kariuki na wabebaji wanne. Mueni alikuwa anatungoja kwenye ujia, mtoto amelala mgongoni. Akauliza kama anaweza kuiona. Miaka yote hiyo aliishi nayo ukuta kwa ukuta, akikausha nguo kwa hewa yake na kuiegemea, na hakuwahi kuingia chumbani. Nilifungua. Alisimama mlangoni akazitazama taa za kijani.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii," nikamwambia.

"Nilidhani inafanana na jiko."

Kazi ya kuizima ilikuwa yangu. Kuna amri ya kuandika kwanza, halafu swichi mbili za nyuma. Niliandika amri. Halafu nikamtazama Oduor, naye akamtazama Mueni, akamwonyesha kwa kidevu. "Bonyeza wewe," akamwambia. "Hizo mbili. Ya kushoto kwanza."

Mueni akapita kwa ubavu nyuma ya kabati, akiinama ili mtoto asigonge chuma. Akabonyeza ya kushoto. Akabonyeza ya kulia. Taa zikafa mstari mmoja baada ya mwingine, na feni zikaanza kushuka, polepole, sauti ikienda chini na chini mpaka ikawa kama pumzi, kisha ikakoma. Chumba kikawa kimya. Sikuwahi kukisikia kikiwa kimya.

Ndipo Kyalo alipoamka. Alikuwa hajapata kulala hata siku moja nyumbani kwao bila mvumo ule. Alifungua macho, akasikiliza, hakuusikia, akalia. Alilia kwa kifua chote, kilio kilichojaa chumba, kikatoka kwenye tundu la juu ya mlango na kwenda ghorofani. Mlango mmoja ukafunguliwa huko juu, mtu akauliza kuna nini.

Mueni akamgeuza mbele na kuanza kumbembeleza. "Mmemwamsha," akatuambia.

Tukamwomba msamaha. Kisha wabebaji wakaingia na kamba, nasi tukatoka nje kuwapisha, na alikuwa bado analia tulipofika barabarani.